Zagayu: Mji Ambao Haujatangazwa

Julai Usukumani ni mwezi wa fedha na vumbi. Pamba imeshachumwa, mizani iko wazi, na stendi ya Bariadi inajaa kabla jua halijapanda. Wapiga debe wamevaa makoti mazito na kofia za sufu kwa sababu ya baridi kavu ya asubuhi, wanaita Lamadi, Mwanza, Maswa, Shinyanga. Mabasi yanajipanga upande wa lami. Sisi tunaokwenda ndani ya Itilima tunasimama pembeni, penye michomoko, zile gari ndogo za kukaa watu watano ambazo huku hupakia hata wanane, kuku wakiwa miguuni na magunia juu ya keria.

"Zagayu unakwenda kwa nani?" dereva akaniuliza.

Nikamwambia siendi kwa mtu, nakwenda kuiona senta. Akanitazama, akachukua begi langu. "Panda. Siku hizi wanakuja wengi, wanatafuta viwanja."

Viwanja ndivyo vilivyonitoa Mwanza. Habari za miji nchini kwetu karibu zote huandikwa Dar es Salaam: foleni, mafuriko ya Jangwani, Kariakoo, mabasi ya mwendokasi. Ni haki, kwa kuwa sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo watu 5,383,728, na hakuna mkoa mwingine nchini unaoukaribia. Lakini sensa hiyohiyo inaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya Watanzania sasa wanaishi mjini, na hao wote hawako Dar es Salaam. Wako Katoro, Lamadi, Tunduma, Mlowo, Kahama, mahali ambapo wazazi wetu walipita kwa basi wakaona maduka machache na mti wa kivuli. Kuna utafiti uliofanyika Kagera, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, ambao sijaacha kuufikiria tangu niusome. Watafiti walianza kufuatilia kaya za mkoa huo mwaka 1991 na wakaendelea hadi 2010, wakiwatafuta hata wale waliokwisha kuhama. Katika waliofanikiwa kutoka kwenye umaskini, karibu nusu walipata nafuu hiyo kwa kuacha jembe na kushika kazi nyingine palepale vijijini, au kwa kuhamia miji midogo. Aliyefanikiwa kwa kwenda jiji kubwa alikuwa mmoja tu kati ya saba. Kwa hiyo nilitaka kuona mji ukiwa bado mchanga, kabla haujawa na jina la mji wala mkurugenzi.

Zagayu ni kata ya wilaya ya Itilima. Mtu mzima wa huku bado atakwambia ametoka Bariadi, kwa kuwa Itilima ilikatwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wa Simiyu ulipozaliwa kutoka Shinyanga. Kabla ya hapo, mwenye shida ya ngazi ya mkoa alisafiri hadi Shinyanga mjini, akalala gesti, akarudi kesho yake au keshokutwa. Mkoa ulipokuja Bariadi ulikuja na watumishi wake, nao watumishi wanataka nyumba za kupanga, mboga, saluni na shule za watoto. Lami ikafuata. Kipande cha kwenda Lamadi kiliiunganisha Bariadi na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na kile cha Mwigumbi kupitia Maswa kikaiunganisha na Shinyanga. Mwaka 2018, 2019 na 2020 sherehe za kitaifa za Nanenane zilifanyika Nyakabindi, nje kidogo ya mji, na watu wa Dar es Salaam ambao hawakuwahi kulisikia jina la Bariadi wakalala huko. Sensa ya 2012 ilikuta Simiyu ina watu 1,584,157. Ya 2022 ikakuta 2,140,497. Katika miaka kumi zimeongezeka roho zaidi ya laki tano na nusu, katika mkoa ambao vijana wake wengi huhamia Kahama, Katavi na Morogoro pamoja na ng'ombe wao.

Wakaaji hao wapya wanakaa wapi? Jibu lilianza kuonekana tulipoiacha lami. Nchi hii ni wazi, mbuga nyeusi inayopasuka wakati wa kiangazi na kunasa matairi wakati wa masika, na hapa na pale mawe makubwa yaliyopandana. Miji ya Wasukuma kwa desturi haikubanana. Kila mji, yaani boma la familia, lilikaa katikati ya mashamba yake, likizungushiwa ua wa minyaa, na jirani yako ulimwona kwa moshi. Maboma ya namna hiyo bado yapo. Lakini kando ya barabara kuna mstari mwingine kabisa: nyumba za matofali ya kuchoma zilizogeuza nyuso zao kwa magari, mapagala yanayongoja pamba ya mwakani ili yapauliwe, na matanuri ya matofali yakifuka. Mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa ikitupisha, imesheheni pamba hadi dereva wake haonekani.

Aliyekaa karibu yangu alikuwa kijana mwenye boksi la chaja, kava za simu na spika ndogo. Alizaliwa Zagayu, akaenda Dar es Salaam akiwa na miaka kumi na nane, akauza soksi na mikanda Kariakoo akitembeza mkononi, akilala chumba kimoja na wenzake Mbagala. "Kaka, kule nilikuwa natafuta hela ya kula na ya nauli," aliniambia. "Hapa nina fremu yangu, na jioni nakula kwa mama." Alirudi kwa sababu umeme ulifika. Alilitamka hilo kama jambo la kawaida, nami nikalishika, maana hapa ndipo mzizi wa mambo ulipo. Nguzo za umeme vijijini ndizo zilizomwezesha kijana wa Usukumani kuchagua. Penye umeme kuna mashine ya kusaga isiyohitaji dizeli, kuna friji ya soda, kuna kuchaji simu, kuna kuchomelea mageti, kuna kinyozi. Kila moja ya hizo ni ajira ya mtu mmoja au wawili ambao hawakulazimika kupanda basi.

Tulishuka. Usitegemee nikueleze kuwa nilikuta ghorofa. Nilikuta barabara ya vumbi na fremu pande zote mbili, nyingine zimepakwa rangi za mitandao ya simu, nyingine bado ni tofali tupu. Duka la pembejeo, duka la dawa muhimu, wakala wa fedha na mwingine pembeni yake, fundi cherehani barazani, gereji ya pikipiki ambayo ni kivuli cha mti na boksi la spana, saluni ya kike yenye pazia la maua. Bodaboda zilikuwa zimepaki kwa mpangilio, na vijana wake wakibishana kuhusu Simba na Yanga kama wanavyobishana Buguruni. Mbele kidogo kulikuwa na ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na mizani yake, wakulima wamekaa juu ya marobota wakisubiri zamu. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba. Hapa kila kitu, karo, mahari, bati, pikipiki, hata sadaka kanisani, huhesabiwa kwa kilo za pamba. Bei ikipanda kama ilivyopanda mwaka 2022, mapagala yanapauliwa. Ikishuka kama ilivyoshuka mwaka uliofuata, nyasi zinaota ndani ya kuta.

Niliingia kwenye hoteli ya mama mmoja, nikaletewa ugali wa mtama, samaki wa ziwani aliyekaushwa na maziwa ya mgando. Alinikaribisha kwa "mwangaluka, baba," nikaitikia "mwangaluka, mayu," akacheka kwa jinsi nilivyoivuta, kisha akakaa. Wateja wake wa asubuhi walikuwa wamepungua. Nyumba ile na hoteli ile ni zake. Kiwanja alikinunua kwa fedha za michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na dengu alizokuwa akilangua vijijini na kuwauzia wenye malori, akaandikishana na muuzaji ofisini kwa mtendaji, mbele ya mashahidi, na karatasi anayo. Alinieleza hayo kabla sijauliza, na aliporejea neno "karatasi" aligonga meza kwa kidole.

Nilielewa kwa nini. Mumewe alifariki, na baada ya arobaini ndugu wa mume walimkumbusha kuwa shamba ni la ukoo. Hakufukuzwa usiku, wala hakupigwa. Alielezwa tu, kwa upole, kwamba anaweza kukaa akiwa anawalea watoto. Hadithi hiyo Usukumani inajulikana sana. Kanuni za mirathi ya kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinambana mwanamke asirithi ardhi ya ukoo kama mwanamume. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Wajane wale hawakukata tamaa, wakafika mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema wamedhulumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Mama wa Zagayu hakunitajia sheria hata moja. Alichokijua ni kwamba shamba la ukoo lina wenyewe, bali kiwanja cha senta kina aliyekilipia. Nimesoma maandiko mengi yanayoulilia mji kwamba unavunja mila, na baadhi ya vilio hivyo nakubaliana navyo. Lakini mtu asinishawishi nilie mbele ya mama huyu.

Shida yake ni maji. Ndoo huja kwa baiskeli na pikipiki kutoka kwenye visima na malambo, na kiangazi kikikaza bei inapanda na rangi ya maji inabadilika. Kuna mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria Simiyu, uliopitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, Benki ya Maendeleo ya Ujerumani na serikali yetu wakichangia; Itilima imo katika awamu ya kwanza pamoja na Busega na Bariadi. Habari zake mama anazijua vizuri kwa sababu bomba ndilo linalopandisha bei ya viwanja hata kabla halijafukiwa. "Wameshaanza kuulizia vya nyuma," alisema, akielekeza kidole kwenye mashamba. "Mwanzo walitaka vya barabarani tu."

Mashamba ya nyuma ni ya mzee mmoja ambaye kila mtu alinielekeza kwake. Nilimkuta chini ya mkwaju mkubwa, redio begani. Yeye ni wa kizazi kilichohamishwa. Mwaka 1974 alikuwa kijana mwenye mke mmoja na boma lake mbali kidogo na hapa, wakati Operesheni Vijiji ilipofika mkoa wa Shinyanga. Watu walitakiwa wakae pamoja ili wapate shule, zahanati na maji. Wengi walisogea kwa hiari ya shingo upande. Wengine vitu vyao vilipakiwa kwenye malori na mapaa yakaezuliwa nyuma yao. Walipangiwa mistari, kila kaya na eneo lake, mbali na mashamba, mbali na mbolea ya zizi. Baadaye, mkono wa serikali ulipolegea, wengi walirudi kwenye mahame yao.

"Ile mistari tuliikimbia," mzee aliniambia. "Sasa tazama. Hakuna aliyewaita, na wamejipanga wenyewe."

Nilimuuliza tofauti ni nini. Akafikiri, kisha akaanza kunieleza habari za biashara. Siku zile walisogezwa penye kibao cha kijiji. Leo watu wanasogea penye mteja. Baba yake aliuza pamba kwa chama cha msingi enzi za Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lile lililoanzishwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani hadi likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Fedha ya pamba ya wakati huo ilinunua baiskeli na bati, lakini nyingi iliishia katika ng'ombe. Mwanawe ameuza ng'ombe kadhaa akajenga fremu za kupangisha. Fremu haihitaji mchungaji, na wajukuu wako shuleni. Kundi la mzee limepungua kwa mkono wa mwanawe mwenyewe, na mzee hajakasirika, ingawa alipozitaja ng'ombe hizo alizitaja kwa rangi zake.

Kilichomuuma ni ngitili. Kwa asiyejua: ngitili ni eneo ambalo Msukuma analifunga masika ili majani na miti viote, akalifungulia mifugo kiangazi kikali kikifika. Mkoa wa zamani wa Shinyanga, ambao Bariadi na Itilima zilikuwa ndani yake, ulikwisha kuwa karibu jangwa, miti imekatwa ili kuua ndorobo, kupata kuni na kupanua pamba. Mwalimu Nyerere alipoutembelea mwaka 1984 alishtuka. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kazi yake kubwa ilikuwa kurudi kwa wazee na kuwaambia: ile desturi yenu ya ngitili ifufueni. Ngitili zikafufuka kwa maelfu, za familia na za vijiji, hekta zaidi ya laki tatu, na mwaka 2002 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Sijui mfano mwingine katika nchi hii wa ardhi iliyokaribia kuwa jangwa kufufuliwa na wenyeji kwa ujuzi wao wenyewe kwa kiasi kile.

Ngitili ya mzee ilikuwa pale penye nyumba sita mpya. Aliikata vipande mwenyewe, kimoja kwa matibabu ya mkewe, kingine kwa karo ya chuo cha uuguzi, vingine kwa sababu majirani walikwisha kuuza na mbuzi wao wakawa wanaingia kwake. Vilipimwa kwa hatua za miguu, mguu wa dalali. Mkwaju tuliokuwa chini yake ndio uliobaki. Nilitembea naye kati ya nyumba zile na hapo nikaona jambo lililonifanya niache kuwa mtazamaji. Nyumba ya pili ilikuwa imeziba njia ya nyumba ya tatu. Ya nne ilikuwa na choo chake dirishani mwa ya tano. Kutoka barabarani kuingia ndani kulikuwa na kijia cha kupita pikipiki moja, na pande zote mbili kulikuwa na rundo la matofali ya mtu anayetaka kujenga uzio.

Nimekulia Mabatini, Mwanza, mlimani. Watu wanaokuja Mwanza hupiga picha nyumba zetu zilizokaa juu ya mawe, na picha hutoka nzuri. Sisi tulipanda na maji kichwani. Baba yangu alipougua usiku, alibebwa kwenye kiti cha plastiki na majirani wanne, wakishuka jiwe kwa jiwe hadi penye barabara, na alipofariki jeneza lilipanda kwa njia ileile. Moto ukishika juu kule, gari la zimamoto linabaki chini likipiga king'ora. Miaka ya karibuni jiji limefanya zoezi la urasimishaji, nyumba zimepimwa, watu wengi wamepata hati, na ni jambo la kushukuru. Lakini hati haiwezi kulihamisha jiwe wala nyumba ya jirani. Unapotaka kupitisha barabara mahali penye watu tayari, unalipa fidia, unabomoa, unashtakiwa, na mara nyingi unaacha. Dar es Salaam imekuwa ikilipia jambo hili tangu enzi za Manzese, na sehemu kubwa ya wakazi wake bado wako katika makazi yasiyopangwa.

Zagayu haijafika huko. Hapo ndipo moyo wangu ulipodunda, kwa furaha na kwa hofu kwa pamoja. Kati ya nyumba na nyumba bado kuna mtama na pamba. Nyuma ya fremu bado kuna nchi. Barabara inayoweza kuokoa maisha ya watu miaka thelathini ijayo leo ni mabua tu, na anayemiliki mabua hayo anajulikana, yuko hai, anasikiliza redio chini ya mkwaju. Wakati mwingine wowote baada ya huu barabara hiyo itagharimu mamilioni.

Tatizo ni kwamba hapa ni kijiji. Kisheria ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mgawo wake unatakiwa uridhiwe na mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaanza kufanya kazi pale eneo linapotangazwa kuwa la kupangwa. Eneo kwa kawaida hutangazwa likishaonekana kuwa mji, na linaonekana kuwa mji likishajengwa. Yaani ramani inafika nyuma ya tofali. Hata hivyo mlango upo: sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 2007, ya mipango ya matumizi ya ardhi, inakiruhusu kijiji kupanga eneo lake chenyewe, kionyeshe hapa makazi, hapa malisho, hapa soko, hapa makaburi, na wataalamu wa wilaya wakisaidia. Kijiji hakihitaji kusubiri kiitwe mji ili kiache njia. Kinachohitajika ni watu kukubaliana kuhusu njia yenyewe.

Jioni nilikuta wanajaribu. Mbele ya ofisi ya kijiji walikaa watu kama ishirini kwenye mabenchi na baiskeli. Haukuwa mkutano mkuu. Mwenyekiti alitaka kusikia mawazo kwanza. Mzee wa mkwaju alikuwepo, mama wa hoteli alikuwepo, kijana wa chaja, waendesha bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi. Hoja ilikuwa moja: njia ya kutoka barabara kubwa kuingia kwenye viwanja vya nyuma hadi lambo, ipite wapi na iwe pana kiasi gani.

Mzee alifungua kwa hatua nane. Mwendesha bodaboda mmoja akasimama. "Babu, kwa heshima yako. Malori mawili ya pamba yakikutana humo, nani atarudi nyuma?" Mzee akasema litakalowahi litangulie. Mwalimu akauliza habari za gari la wagonjwa, mtu mwingine akauliza habari za mifereji, kwa kuwa mbuga ikinyeshewa maji hayana pa kwenda ila nyumbani mwa watu. Mzee akasikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja. Barabara pana itakula viwanja vyake vitatu ambavyo angeviuza. Nani atamlipa? Kijiji hakina fedha. Wakanyamaza kidogo, watu wakitazamana.

Mama wa hoteli ndiye aliyejibu, bila kusimama. Alisema viwanja vya nyuma leo havina thamani kwa sababu havifikiki. Njia ikipita, vitauzwa kwa bei ya barabarani. Basi kila mwenye kiwanja nyuma akate kidogo ampe mzee, ardhi kwa ardhi au fedha baada ya mavuno, na iandikwe. Nilisikia nywele zikinisimama. Huko Japani na Ujerumani maeneo makubwa ya miji yamepangwa kwa kanuni hiyohiyo, wenye ardhi wakichangia vipande ili njia ipite na kila mmoja abaki na kilicho kidogo kwa ukubwa lakini kikubwa kwa thamani. Wahandisi wameiandikia vitabu. Mama aliipata kwa kulangua dengu, maana huko mzigo usiofika barabarani hauna bei.

Walibishana sana. Wapo waliosema wale walionunua kutoka Bariadi na Mwanza hawatakubali kukatwa, na wapo waliosema wasiokubali wasipewe njia. Kijana wa chaja aliuliza kwa nini wasitenge na uwanja wa mpira humohumo, kabla haujawa fremu, na vijana wenzake wakampigia makofi marefu kuliko hoja nyingine yoyote ya jioni ile. Mwenyekiti aliandika uwanja. Akaandika soko pia, maana gulio linafanyika kandokando ya barabara na watoto wanavuka kati ya magari. Akasema yote yataletwa mbele ya mkutano mkuu baada ya msimu wa pamba, watu wakiwa na fedha na nafasi, na kila mwenye kiwanja aje na karatasi yake.

Mzee alipanda hadi hatua kumi na tano, kwa sharti kwamba mkwaju wake usiguswe.

"Mkwaju uko katikati ya njia, babu," mwendesha bodaboda akasema.

"Basi njia ipinde."

Mwenyekiti akanigeukia, akasema mgeni naye atoe neno, maana ametoka mjini na ameyaona. Nikawaeleza kuhusu Mabatini, kiti cha plastiki na wale majirani wanne. Nikasema ziwe hatua ishirini, na ipinde penye mkwaju, kwa sababu mji wenye mkwaju wa namna ile mbele ya soko lake hauna haja ya kuukata. Mzee akaitikia kwa kichwa. Halafu mtu wa nyuma akauliza ipinde upande wa kulia au wa kushoto, kwa kuwa kushoto ni shambani kwake, na ubishi ukaanza upya.